Bustani Kwenye Njia ya Maji

1. Maji ya mvua yanakwenda wapi?

Ndugu msomaji, mvua kubwa inaponyesha nyumbani kwako, maji yanakwenda wapi? Je, umewahi kusimama mlangoni ukayatazama?

Maji huanguka juu ya paa. Kisha hutiririka uwanjani. Hutafuta mahali palipo chini. Kila nyumba ina mahali pake ambapo maji hupita au hutua. Huenda ni nyuma ya jiko. Huenda ni mpakani mwa kiwanja chako na kiwanja cha jirani. Huenda ni kando ya mtaro wa barabara.

Watu wengi hupatumia mahali hapo vibaya, kwa njia mbili.

Wa kwanza hupaacha tu. Majani huota, takataka hutupwa, maji hutuama, mbu huzaliana. Mwenye nyumba husema, "Pale hapafai kitu."

Wa pili huona kuwa udongo wa pale ni mweusi na una rutuba. Basi hupalima pote. Huinua matuta na kuziba mkondo. Mwaka wa mvua chache hupata mahindi mazuri. Mwaka wa mvua nyingi maji hayana njia. Hubomoa matuta, hurudi ukutani, au huingia jikoni kwa jirani.

Iko njia ya tatu. Mahali pa maji panaweza kuwa bustani, na maji yakaendelea kupita. Kanuni yake ni moja, nayo ni rahisi kukumbuka: MAJI KWANZA, MIMEA BAADAYE.

Somo hili litakuonyesha jinsi ya kuifuata kanuni hiyo.

2. Maji hayo ni mengi kiasi gani?

Watu wengi hawajui wingi wa maji yanayotoka kwenye paa moja. Tufanye hesabu pamoja.

Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba, huleta maji lita 1. Shika jambo hilo. Mengine yote ni kuzidisha tu.

Tuseme nyumba yako ina paa la bati. Pima chini, kutoka ncha ya bati upande huu hadi ncha ya bati upande wa pili. Tuseme umepata urefu wa mita 8 na upana wa mita 6.

8 x 6 = 48. Paa lako ni mita za mraba 48.

Siku moja imenyesha mvua nzuri ya milimita 25.

48 x 25 = 1,200. Umepata maji lita 1,200.

Ndoo kubwa hujaa lita 20. Gawanya 1,200 kwa 20. Utapata 60. Ndiyo kusema, mvua moja imemwaga ndoo 60 za maji chini ya ukuta wako!

Maji kidogo hupotea kwa kuruka na kukauka, lakini mengi hufika chini. Na hapo hatujahesabu maji ya uwanjani. Uwanja unaofagiliwa na kukanyagwa kila siku huwa mgumu. Hauyanywi maji upesi. Maji mengi ya uwanjani hutiririka pamoja na yale ya paa.

Zamani nyumba nyingi zilikuwa za nyasi. Nyasi huyapunguzia maji mbio. Bati huyamwaga yote mara moja. Kila nyumba mpya ya bati inapojengwa kijijini, maji yanayokimbia huongezeka. Hii ndiyo sababu mtaro uliotosha miaka iliyopita huenda hautoshi leo.

Hata mahali pakavu pana maji ya namna hii. Dodoma hupata mvua kidogo, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Lakini 48 x 550 ni 26,400. Paa lile lile lingepokea zaidi ya lita 26,000 kwa mwaka. Mkulima anayeyaacha maji hayo yaende bure, kisha analalamika kuwa mboga hazipo, amepoteza mali yake mwenyewe.

3. Hasara ya maji yaliyoachwa hovyo

Maji yasiyopewa njia hujitafutia njia. Yakijitafutia, huleta hasara.

Kwanza, hula ukuta. Nyumba nyingi vijijini zimejengwa kwa matofali mabichi au kwa miti na udongo. Matone ya paa huchimba ardhi chini ya ukuta. Maji yakituama pale, udongo hulainika, na ukuta huanza kuliwa kwa chini. Kwa juu unaonekana mzima. Siku moja usiku, unaanguka. Watu wamelala ndani.

Pili, huharibu choo. Maji yakiingia katika shimo la choo, uchafu hupanda na kumwagika. Kisha husombwa hadi kisimani.

Tatu, huchimba korongo. Korongo huanza kama ufa mdogo unaoweza kuurukia. Usipouziba mapema, kila mwaka huwa mrefu na mpana zaidi. Huondoka na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba.

Nne, huleta mbu. Yai la mbu huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili hivi. Kwa hiyo dimbwi linalokaa wiki mbili ni kiwanda cha mbu.

Tano, huleta ugomvi. Katika vijiji vingi vya Tanzania vilivyopangwa miaka ya 1970, nyumba zilijengwa kwa mistari, karibu karibu. Maji yanayotoka kwako hayachukui muda kufika kwa mwenzako.

4. Wazee walijua

Usidhani kuwa kulima pamoja na maji ni elimu ngeni. Wakulima wetu wameifanya kwa muda mrefu.

Wamatengo wa wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, hulima ngoro kwenye miteremko ya milima. Hulaza nyasi zilizokatwa katika mistari inayokatana, wakafukia nyasi hizo kwa udongo. Hapo hutokea mashimo mengi, na kila shimo limezungukwa na matuta. Maji ya mvua hutua shimoni na kuzama taratibu. Mazao huota juu ya matuta. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Kwa njia hiyo mlima mkali unalimwa, na udongo haukimbii.

Usukumani, wakulima hutengeneza majaluba. Huzungushia shamba tuta la udongo ili kushika maji yanayoshuka kutoka juu. Ndani yake hupanda mpunga.

Mkoani Iringa kuna vinyungu. Hizo ni bustani za mabondeni, ambazo hulimwa wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo wa bondeni hubaki na unyevu mvua zikiisha.

Yatazame mambo haya matatu. Mbinga, maji hupewa shimo na mazao hupewa tuta. Usukumani, zao hupatanishwa na maji. Iringa, kazi hupatanishwa na majira. Bustani yako ya nyumbani itahitaji yote matatu.

5. Chagua mahali

Subiri siku ya mvua. Chukua mwavuli au jifunike mfuko, ukazunguke nyumba. Tazama maji yanaanzia wapi, yanakusanyika wapi, yanatokea wapi. Chomeka vijiti mahali hapo. Mvua ikiisha, vijiti vitakuonyesha njia.

Kisha fikiri mambo haya:

(a) Bustani ya maji isiwe chini ya ukuta. Iwe mbali na nyumba kwa mita 3 au zaidi, nayo iwe upande wa chini wa nyumba, si upande wa juu.

(b) Isiwe karibu na choo. Maji yasipite chooni yakija bustanini, wala yasitoke bustanini yakaenda chooni.

(c) Isiwe karibu na kisima. Maji ya uwanjani hubeba uchafu wa kuku, mbuzi na watoto.

(d) Iwe mahali ambapo maji ya ziada yana pa kwenda pasipo kumdhuru mtu.

Sasa jaribu udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, yaani kama urefu wa rula ya mwanafunzi. Lijaze maji, uyaache yazame. Jioni lijaze tena. Asubuhi nenda ukatazame.

Ukikuta maji yamekwisha, udongo wako unakunywa vizuri. Unaweza kuchimba beseni la bustani.

Ukikuta maji bado yamejaa, udongo wako ni mfinyanzi. Usichimbe beseni pale, maana utachimba bwawa la mbu. Hapo fanya mkondo wa nyasi tu. Tutaueleza mbele.

6. Kutengeneza beseni la bustani

Beseni la bustani ni mahali palipochimbwa kidogo ili maji yatue, yapumzike na kuzama. Si kisima wala si bwawa. Maji yakae kwa muda wa siku moja, au mbili kwa wingi, kisha yaishe.

Tuchukue hesabu yetu ya lita 1,200. Beseni la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 20 hushika maji kiasi hicho hicho. Sentimita 20 ni kama shubiri moja ya mtu mzima. Unaona kwamba si shimo kubwa. Watu wawili wenye majembe wanaweza kulichimba.

Fuata hatua hizi:

1. Chimba mfereji mfupi wa kuleta maji kutoka ukingo wa paa. Ukiwa na mfereji wa bati, yaani gata, ni vizuri zaidi. Kama huna, chimba mchirizi chini ya matone ya paa, uweke kokoto ndani yake, uuelekeze bustanini. Mchirizi uteremke kidogo, si sana.

2. Mahali mfereji unapoingilia beseni, panga mawe. Maji yanayokimbia yakipiga mawe, nguvu yake hupungua. Yakipiga udongo mtupu, huchimba shimo.

3. Chimba beseni. Sehemu ya chini iwe sawa, isiwe na upande mmoja wa chini zaidi. Ukitaka kujua kama iko sawa, mwaga ndoo moja ya maji. Maji hayasemi uongo. Yakikusanyika kona moja, ongeza udongo pale.

4. Udongo uliochimbwa uweke upande wa chini wa beseni. Ushindilie uwe tuta pana na imara.

5. Acha mlango wa maji. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mahali pamoja kwenye tuta pawe chini kuliko pengine kwa sentimita 10 hivi, na upana usiopungua sentimita 50. Papange mawe, upande nyasi pembeni yake. Mvua kubwa ikija na beseni likajaa, maji ya ziada yatatokea hapo taratibu na kuendelea na safari.

6. Tandaza majani makavu au mabua juu ya udongo. Yatazuia jua na kuoza yakawa mbolea.

Beseni lisilo na mlango ni hatari. Litajaa, tuta litapasuka mahali usipopachagua, na maji yote yatatoka kwa mkupuo mmoja. Hapo utakuwa umemletea jirani mafuriko uliyoyatengeneza kwa mikono yako.

7. Upande nini, na wapi?

Si kila mmea hupenda maji. Hata watu wa nyumba moja hawapendi chakula kimoja. Basi igawe bustani yako sehemu tatu.

*Chini, ndani ya beseni.* Hapa maji hutua. Panda magimbi. Magimbi huvumilia maji kuliko mazao mengi ya bustani. Huchukua miezi 7 hadi 12 kukomaa, kwa hiyo huvunwa wakati vyakula vingine vimepungua. Kumbuka kuyapika yaive kabisa, kwa sababu yasipoiva huwasha kooni. Miwa pia huota vizuri mahali penye unyevu mwingi.

*Ukingoni, kwenye mteremko wa beseni.* Hapa udongo una unyevu, lakini maji hayakai. Hapa ni mahali pa migomba. Mgomba hunywa maji mengi, lakini haupendi mizizi yake ikae majini siku nyingi. Ukiupanda katikati ya dimbwi, utaoza. Ukiupanda ukingoni, utakushukuru. Acha nafasi ya mita 3 kati ya mgomba na mgomba.

*Juu ya tuta.* Hapa ni pakavu kuliko kwingine. Panda matembele. Mashina yake hutambaa na kufunika udongo, nawe unapata mboga ya majani. Panda pia mchaichai karibu na mlango wa maji. Mizizi yake hushika udongo kwa nguvu. Mpapai unaweza kuota pembeni, mahali palipoinuka, lakini usiushushe chini. Mpapai ukisimama ndani ya maji hata kwa muda mfupi, mizizi huoza na mti hufa.

Usipande muhogo, viazi wala maharage ndani ya beseni. Muhogo na viazi vitaoza ardhini. Maharage yatageuka manjano na kufa. Mahindi pia hayapendi kusimama majini. Mazao hayo yapeleke shambani, au juu ya matuta yaliyoinuka.

Kiangazi kikifika, beseni hukauka juu, lakini chini bado kuna unyevu. Wakati huo panda mchicha katika nafasi zilizobaki. Utavuna baada ya wiki chache. Hiki ndicho kinyungu chako cha nyumbani.

8. Mkondo wa nyasi

Kuna mahali ambapo maji hayatui. Yanapita tu, tena kwa nguvu. Labda ni maji ya barabara, au ya nyumba nyingi pamoja. Hapo usichimbe beseni. Tengeneza mkondo wa nyasi.

Mkondo uwe mpana, usiwe wenye kina kirefu. Umbo lake liwe kama sahani, si kama kikombe. Maji yaliyotandaa hutembea. Maji yaliyobanwa hukimbia, na maji yanayokimbia huchimba.

Chini ya mkondo panda ukoka. Ukoka hulala maji yanapopita, kisha huinuka tena. Usiulime mkondo wala usiuparue kwa jembe. Ukilima mkondo wa maji unapanda korongo.

Pembezoni mwa mkondo panda majani ya tembo. Ukate ulishe ng'ombe au mbuzi. Kwa hiyo mkondo nao unaleta maziwa nyumbani, ijapokuwa hujapanda chakula ndani yake. Lakini usifunge mnyama ndani ya mkondo. Kwato zake zitavunja ukoka.

Kama mteremko ni mkali, panga vizuizi vya mawe kukatiza mkondo, kimoja baada ya kingine. Kila kizuizi kiwe chini katikati na juu pembeni. Hivyo maji yatapita katikati. Ukikijenga kikawa juu katikati, maji yatazunguka pembeni na kula kingo.

9. Jirani yako wa chini

Ndugu msomaji, maji hayajui mpaka wa kiwanja. Kabla ya kuchimba, nenda kwa jirani aliye chini yako. Nenda kabla ya mvua, maana baada ya mvua mtakutana mkiwa na hasira.

Si vigumu. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Asante, mama. Nimekuja kuhusu maji ya mvua. Nataka kutengeneza bustani pale yanapopita. Mengi yatazama kwangu, lakini mvua ikizidi yatatoka. Wewe ungependa yatokee upande gani?"

"Umefanya vema kuuliza. Mwaka jana yaliingia jikoni kwangu, nikanyamaza tu. Yatoe kule kwenye migomba, yatanifaa."

Tazama: maji yale yale yaliyoingia jikoni sasa yanakwenda kunywesha migomba.

Kama hamkuelewana, msipigane wala msizibiane mitaro usiku. Mwambieni balozi au mwenyekiti wa kitongoji aje kuona. Jambo likiwa zito, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kazi yake ni kuwasuluhisha watu wenye migogoro ya ardhi kijijini.

Mtaro wa barabara ni mali ya umma. Usiuzibe wala usiugeuze bila kuuliza uongozi wa kijiji. Na kama maji yako yanaishia mtoni, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Usisogeze bustani yako hadi huko.

10. Afya ya nyumba

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitangazwa redioni, na watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza. Walijifunza kufukia madimbwi na kusafisha mazingira. Mafunzo hayo bado ni ya kweli.

Siku mbili baada ya mvua, tazama beseni lako. Kama maji bado yapo, kuna tatizo. Labda tope laini limeziba udongo. Subiri pakauke, uondoe tope, ulegeze udongo kwa uma wa bustani au jembe. Tope hilo lina rutuba. Lipeleke kwenye mashina ya migomba. Kama maji bado hayazami, punguza kina cha beseni au ushushe mlango wa maji.

Usitupe makopo, chupa na mifuko ya plastiki bustanini. Mifuko huziba mlango wa maji. Makopo hushika maji, na mbu hutaga humo.

Mboga inayoguswa na maji ya uwanjani ioshwe kwa maji safi na kupikwa. Usile mbichi. Watoto wasicheze katika beseni likiwa na maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji ya shubiri moja.

11. Kazi za mwaka

Bustani hii haihitaji kazi nyingi, lakini inahitaji kazi kwa wakati wake.

*Kabla ya mvua.* Zibua mfereji. Ondoa tope na takataka. Tengeneza tuta palipobomoka. Hakikisha mlango wa maji uko wazi. Mahali penye vuli na masika, ifanye kazi hii mara mbili, mwezi Septemba na mwezi Februari. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, ifanye mwezi Oktoba.

*Wakati wa mvua.* Panda magimbi na migomba mvua zinapoanza kukolea. Baada ya kila mvua kubwa, zunguka uone. Ufa mdogo ukizibwa leo kwa jiwe moja, hautahitaji mawe mia mwakani.

*Baada ya mvua.* Panda mchicha. Ongeza mabua ya kufunika udongo. Kata majani ya tembo.

Usijenge kitu juu ya njia ya maji wakati wa kiangazi, hata kama pameonekana pakavu kwa miaka miwili au mitatu. Vuli ya mwaka 2023 na masika ya mwaka 2024 zilileta mafuriko sehemu nyingi za Tanzania na Kenya. Maji yalirudi katika njia zake za zamani, na waliokuwa wamejenga humo walipata hasara. Maji husahauliwa na watu, lakini yenyewe hayasahau njia.

Anza na sehemu ndogo. Mwaka huu chimba beseni moja, upande magimbi machache na migomba miwili. Mvua ikinyesha, simama mlangoni utazame. Maji yakitua, yakazama, na yaliyozidi yakatoka kwa amani, basi umefaulu. Mwakani utaongeza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mvua ikinyesha kwako, maji hutua wapi? Chora ramani ya kiwanja chako uonyeshe nyumba, choo, kisima na njia ya maji.

2. Kwa nini beseni la bustani lazima liwe na mlango wa maji?

3. Taja mmea mmoja unaofaa chini ya beseni, mmoja wa ukingoni na mmoja wa juu ya tuta.

4. Kwa nini mgomba usipandwe katikati ya maji?

5. Je, kijijini kwenu kuna korongo? Lilianzia wapi? Mnaweza kufanya nini pamoja?

Hesabu

Paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Imenyesha mvua ya milimita 20. Paa limepokea maji lita ngapi? Ni ndoo ngapi za lita 20?

(Jibu: lita 1,000, yaani ndoo 50.)